Nimemwona Mwenyewe

Jumapili asubuhi, Julai 1995.
Tandika. Mawingu, na baridi ya kutosha kuvaa sweta.

Koo langu limekauka kama la mtu aliyeimba harusini. Mimi! Mimi ambaye mwalimu wa historia alinifundisha miaka miwili akiniita Zamda. Naitwa Zaina. Sikumsahihisha hata siku moja.

Bibi bado amelala, na tangu nimfahamu Bibi hajawahi kulala mpaka saa mbili. Shabani na Tatu wako uani wanacheza mchezo mpya: mmoja anakuwa basi, mwingine anakuwa Mwenyewe. Nitaeleza huyo Mwenyewe ni nani. Nataka niandike yote sasa hivi kabla hayajachanganyika na mambo ya siku nyingine, kwa sababu jana, huko Mikumi, nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Lakini lilianza wiki iliyopita.

Mwalimu Rehema amefungua chekechea mtaa wa pili, kwenye jengo lililokuwa duka la ushirika, lile tulilokuwa tunapangia foleni ya sukari nilipokuwa mdogo. Siku hizi sukari iko kila kioski, na ukuta wa lile duka umechorwa herufi na bata wa njano. Mwalimu anatafuta msichana wa kumsaidia kufundisha. Mimi nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo kazi yangu ni kufagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Bibi aliposikia habari hiyo alijitanda khanga yake ya kutokea akaenda kuniombea. Akarudi amenuna.

"Kasema hataki maneno ya kuletewa na bibi," aliniambia. "Mwenyewe akitaka, mwenyewe aende, mwenyewe aseme."

Nilikwenda. Mara tatu.

Mara ya kwanza niliishia kioskini, nikanunua kiberiti ili nisionekane nimesimama bure. Mara ya pili nilifika karibu na mlango, nikasikia watoto wanaimba, nikarudi kioskini nikanunua kiberiti kingine. Mara ya tatu Mwalimu aliniona kabla sijageuka. "Zaina, vipi mwanangu?" Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuuliza safari ya Mikumi inaondoka saa ngapi. Halafu nikapitia kioskini. Nyumbani tuna viberiti vya kutosha mpaka Ramadhani.

Safari yenyewe ilikuwa ya chekechea. Walikodi basi kuwapeleka watoto mbugani, kila mtoto na mtu wake mzima. Shabani ana miaka sita na Tatu ana minne. Ni watoto wa mjomba wangu, nao wanasoma pale. Mjomba na mkewe wanauza mitumba na Jumamosi ndiyo siku yao, kwa hiyo Bibi akasema atakwenda yeye, na mimi nimsaidie kuwashika. Hiyo ndiyo sababu aliyomweleza mjomba. Mimi alininong'oneza ya pili.

"Mwalimu atakuwa ndani ya basi kutwa nzima, huna pa kukimbilia. Na nimesikia kuna binti wa Mtoni ameshasema. Jumatatu Mwalimu anataka msaidizi awe kazini, atachukuliwa yeye."

Nilikuwa na Jumamosi moja tu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Bibi alikaa dirishani na Shabani mapajani, mimi nyuma yao na Tatu, na Mwalimu Rehema viti viwili mbele yetu. Kisogo chake nakijua sasa kuliko cha mama yangu. Tulipopita Kibaha na jua kuanza kutoka, Bibi aligeuka akatoa amri.

"Sikilizeni nyie. Huko tunakokwenda, yule mnyama mkubwa mwenye manywele shingoni hatajwi jina. Ukimtaja anadhani umemwita, na yeye akiitwa anaitika. Mtamwita Mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini, Bibi?" Shabani akauliza.

"Mwenyewe wa pori."

"Hata nikimwona?"

"Hasa ukimwona, mume wangu."

Bibi humwita Shabani mume wake, na mimi na Tatu wake wenzake. Ni utani wa bibi na wajukuu, lakini Shabani huuchukulia kwa uzito sana, huuliza hata mke wake amekula. Basi aliposema mke, mume alitii. Tatu aliapa. Hata mimi niliapishwa, na umri wangu huu. Bibi alikulia Kisarawe ndani, enzi ambazo watu walilala mashambani kulinda mihogo, na hilo ni jambo ambalo halifanyii mchezo.

Shabani hawezi kukaa na habari peke yake. Tulipofika Chalinze alikuwa amepita kiti kwa kiti, na watoto wote wa chekechea walijua kwamba huko mbele hatajwi mtu, anaitwa Mwenyewe. Watu wazima hawakujua kitu. Walikuwa wamelala, au wanabishana kuhusu bei ya saruji.

Ndipo likatokea lile la getini.

Pale getini alipanda bwana mmoja wa mbuga, amevaa sare ya kijani na kofia, wa kutuongoza. Jina lake Maganga. Kabla hajasema hata karibuni, aliinama mlangoni akaokota kandambili ndogo nyekundu, akaiinua juu.

"Jamani," akasema kwa sauti nzito, "mwenyewe yuko wapi?"

Watoto wote wakamgeukia.

"Mwenyewe yuko wapi? Hayuko mbali, amepita hapa sasa hivi!"

Sijawahi kusikia makelele kama yale. Watoto ishirini walilia kwa pamoja. Tatu alinipanda mpaka begani. Mmoja aliingia chini ya kiti akakwama, ikabidi avutwe miguu. Mama mmoja alidhani ni nyuki, akajifunika khanga gubigubi. Bwana Maganga, maskini, alidhani watoto wanaogopa sare, akavua kofia akaificha nyuma. Mwalimu Rehema alisimama katikati akiuliza, "Kuna nini? Nani kawafanya nini?" Na Bibi yangu, mwanzilishi wa yote, alikuwa anatazama nje kama mtu asiyetujua kabisa.

Nilijua. Ndani ya basi lile ni mimi na Bibi tu tulioelewa, na Bibi alishajivua. Sentensi moja tu ilitosha. Nilifungua mdomo. Mwalimu akanitazama moja kwa moja, akasubiri.

Nikaufunga.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watoto walinyamazishwa kwa pipi, na kandambili ikaonekana ni ya Shabani. Bibi alipokwenda kuichukua akamuuliza Bwana Maganga kabila lake.

"Mnyamwezi, mama."

Bibi akapiga makofi. "Mtani wangu! Ndiyo maana. Hujafika hata dakika moja, umeshamwibia mume wangu kiatu."

"Kumbe wewe Mzaramo?" Bwana Maganga akavaa kofia yake upya. "Basi leo wanyama watakula vizuri. Mzaramo ana mafuta ya nazi tayari, hahitaji kuungwa."

"Na wewe wakikuona watahama mbuga."

Wakaendelea hivyo saa nzima. Hakuna aliyemkasirikia mwenziwe, na basi lote lilicheka. Nilikuwa nawaza, Bibi yangu anaweza kumtania mwanamume asiyemfahamu mbele ya watu arobaini, na mimi siwezi kusema neno na mtu ninayemwamkia kila siku. Huo mdomo wake uliishia kwa nani katika ukoo?

Wanyama tuliwaona. Twiga walisimama karibu na njia wakitutazama kwa juu kama majirani juu ya ukuta, na Tatu akataka kujua nani amewachora. Pundamilia, nyumbu, swala wasio na idadi. Viboko walitoa pua tu majini, Shabani akasema wanaoga bila kumaliza. Halafu wakaja tembo, saba, wakavuka njia mbele yetu, na dereva akazima gari. Hakuna aliyekohoa. Mkubwa wao alipita karibu kiasi cha kuona ngozi yake inavyoning'inia magotini.

"Bibi," Shabani akanong'ona, "suruali yake kubwa. Hakuijaribu."

Ni mtoto wa wauza mitumba.

Baada ya tembo kiti cha pembeni ya Mwalimu kilibaki wazi. Bibi aligeuka akanipiga kiwiko juu ya mgongo wa kiti. Akanipiga cha pili. Nikaondoka na bakuli la vitumbua mkononi, nikaenda, nikakaa. Mwalimu akageuka, akatabasamu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Morogoro: Mwalimu, nimekuja kuhusu ile kazi.

"Mwalimu," nikasema, "utakula kitumbua?"

Akala viwili. Akasema vizuri. Nikarudi kwangu. Bibi alivuta tu pumzi ndefu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema.

Ilipofika saa nane tulikuwa hatujamwona Mwenyewe. Baba mmoja mwenye kamera alikuwa ametunza picha tatu za mwisho kwa ajili yake, akawa anakataa kumpiga hata mwanawe. Bwana Maganga alitupeleka huku na huku, akasimama, akachungulia, mwisho akasema mnyama huyo hana miadi na mtu, safari ni ndefu, inabidi turudi. Basi likageuka. Watu walianza kufungua chai. Tatu alisinzia mapajani mwangu na mimi nikatazama nje, majani ya rangi ya mkate, kichaka, majani, kichuguu, majani.

Kichuguu kikatikisa sikio.

Nilidhani ni macho yangu. Sikio likatikisika tena, kufukuza nzi, na chini yake nikaona jicho. Lilikuwa wazi na tulivu. Halikushangaa kuniona.

Basi lilikuwa linakwenda.

Nikikumbuka sasa najionea aibu, lakini nitaliandika. Nilipokuwa kidato cha pili niliwahi kujua jibu la swali ambalo darasa zima halikulijua. Nilimnong'oneza jirani yangu, akanyoosha mkono, akapigiwa makofi. Niliporudi nyumbani nilijiambia haidhuru, muhimu jibu limesemwa. Jana nilitazama pembeni nione wa kumnong'oneza. Kulikuwa na Tatu tu, naye anakoroma.

Tukapita kichaka kimoja. Tukapita cha pili. Nikajiambia, kwani wakirudi bila kumwona watakufa? Nitakuwa nimemwona mimi, yatosha.

Ndipo Shabani, mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo ya mtu aliyekata tamaa: "Bibi, Mwenyewe hatutaki."

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua Tatu aliporomoka sakafuni, kwa sababu ana nundu leo.

"MWENYEWE!"

Dereva akafunga breki. Chai zikamwagika. Konda akaruka kutoka mlangoni akisema, "Dada, hapa hashuki mtu, hapa porini!" Bwana Maganga akaanza kuhesabu vichwa. "Mwenyewe nani? Nani kaachwa?" Watu wazima wote walinigeukia, ishirini, nyuso ishirini.

Lakini watoto hawakuuliza. Na safari hii hata mmoja hakulia. Walipanda viti vya upande wangu, pua kwenye vioo, kimya kama wako msikitini.

"Wapi, dada?" mmoja akauliza.

"Nyuma," nikasema. "Tumempita. Kichaka cha tatu, kwenye majani, amelala. Rudisheni gari, taratibu, msipige honi."

Sauti ilikuwa yangu. Niliisikia kabisa, ikitoka kwangu, ikienda mpaka kwa dereva.

"Sawa, binti," Bwana Maganga akasema, "lakini mwenyewe wa nini?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimeapa. Mwalimu Rehema ananitazama, dereva ameshika gia anasubiri, na mimi neno moja nimekatazwa kulitaja. Nikaonyesha kidole tu kama bubu. Nikamtazama Bibi.

Bibi akasimama wima, khanga ikaanguka mabegani.

"Simba, wewe Mnyamwezi! Mjukuu wangu anasema simba! Rudisha gari!"

"Bibi!" Shabani akashtuka. "Umemtaja!"

Bibi akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa.

Basi lilirudi nyuma polepole. Kichaka cha pili, cha tatu. Na kweli, aliitika. Majani yakainuka, na yakawa yeye: kichwa, mabega, yote, dume, yuko karibu kuliko choo chetu kilivyo na jiko. Akatutazama. Akapiga mwayo mrefu tukaona mpaka ndani. Baba wa kamera alipiga picha zake zote tatu bila kupumua.

Halafu nikamsikia Bibi. Bibi yangu wa miaka sabini na kitu, ambaye mtaa mzima unamwamkia na yeye hana wa kumwamkia tena, alisema polepole kupitia dirishani:

"Shikamoo, Mwenyewe."

"Marahaba," akajibu Shabani, kwa niaba.

Wakati wa kurudi tulisimama Chalinze kwa sala ya alasiri na machungwa. Tulipomaliza kusali, Mwalimu Rehema alikuwa pembeni ananawisha watoto mikono kwa jagi. Hakuna aliyenipiga kiwiko. Bibi alikuwa anamkamua muuza machungwa bei. Nilimshika Shabani mkono nikaenda. Nilidhani baada ya kupiga kelele mbugani woga utakuwa umeisha, kumbe uko palepale, nimeusikia tu na nikaendelea kutembea nao.

"Shikamoo, Mwalimu." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba, Zaina."

"Ulisema mwenyewe aje."

Shabani akachomoa mkono wake kwa nguvu, akakimbilia nyuma ya gauni la Mwalimu.

"Siyo huyo," nikamwambia. "Mwalimu, mwenyewe ni mimi. Ile kazi. Naitaka. Nataka kufundisha."

Mwalimu alimtazama Shabani anavyotetemeka nyuma yake, akanitazama mimi, na nikaona jambo la getini linamwingia taratibu: kandambili, makelele, kofia ya Bwana Maganga. Akacheka mpaka jagi likamponyoka. Alipomaliza kufuta macho akaniuliza, "Ulijua, pale getini?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Na Jumatatu utaogopa?"

Ningeweza kusema hapana. "Nitaogopa," nikasema.

Akaokota jagi. "Njoo saa moja na nusu. Vaa viatu vya kufunika vidole, watoto wangu wanakanyaga." Halafu akaongeza, "Na huyo bibi yako mwambie asinifundishie wanafunzi maneno bila kunipa taarifa."

Kuhusu yule binti wa Mtoni sikuuliza. Nimemfikiria leo asubuhi. Alisema kabla yangu. Labda Mwalimu atatuchukua wote, labda hapana, na kama hapana, basi kuna mtu leo yuko Mtoni amefurahi na kesho hatafurahi. Hilo limenichoma kidogo, naliandika ili nisilisahau. Nikifika kesho nitamuuliza Mwalimu. Naona sasa naweza kuuliza.

Gauni nimeshalipiga pasi. Viatu nimeazima kwa mama, vinabana kidogo mbele.

Bibi ameamka. Namsikia ndani anafungua kabati la jikoni, anataka kuwasha jiko. Halafu anahesabu kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu.

"Viberiti vyote hivi? Mwenyewe yuko wapi?"

Uani watoto wamepiga ukelele na kuingia banda la kuku.

"Nipo!" nimeitika.

Jirani amechungulia juu ya ukuta kuona ni nani anayepiga kelele.